Nunua Gari Ambalo Fundi wa Mji Wako Analijua

   Wadogo zangu, leo tuingie gereji.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi upande wa Kiminini ameniandikia. Mkopo wake wa SACCO umekubaliwa, na broka amemwonyesha magari mawili mjini Kitale. La kwanza ni Probox iliyoundwa mwaka 2010, rangi imepauka, viti vimechakaa, gia ni za mkono. La pili ni dogo na jipya zaidi. Linawashwa kwa kubonyeza kitufe, lina skrini katikati na kamera ya nyuma, na ukiwa ndani mlio wa injini huusikii. Bei yake iko juu, lakini mkopo unaifikia. Wenzake shuleni wanamwambia Probox ni gari la kubebea kuku na magunia, haimfai mwalimu. Ananiuliza achukue lipi.

Mdogo wangu, chukua Probox. Lakini soma mpaka mwisho kabla hujamlipa broka, maana huenda ukaikataa hiyo uliyoonyeshwa na kutafuta nyingine ya aina hiyo hiyo.

Na sikushauri hivyo kwa sababu gari hilo ni la zamani. Uzee peke yake haujawahi kumfikisha mtu kazini. Ninachokuomba uulize kabla ya kununua gari lolote ni hiki: likiharibika Jumanne asubuhi, nani katika mji wangu anajua kulitibu, na spea yake iko duka gani?

Wazazi wetu walijua kitu

Wenye umri wangu wanaikumbuka Peugeot 504. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikateuliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Hapa Kenya iliunganishwa kwa miaka mingi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ile ndefu yenye safu tatu za viti ndiyo iliyokuwa ikipakia abiria wa safari ndefu, ikishuka Eldoret na Nakuru hadi Nairobi. Katika mbio za Safari Rally, ndugu yake mkubwa, Peugeot 404, alishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. 504 yenyewe ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa toleo lake la milango miwili.

Ushindi huo uliwafanya watu waipende. Kilichoifanya idumu vijijini ni kwamba ukifungua boneti yake ulikuwa unaona kila kitu. Kabureta hii hapa, koili ile pale, distributa na pointi zake ndani. Pointi zikiungua, fundi alizisugua kwa kipande cha msasa, akapima mwanya wake, gari likawaka. Baada ya miaka michache, kila kituo kikubwa cha magari kuanzia Kitale hadi Bungoma kilikuwa na mtu aliyeijua 504 nje ndani. Aliwafundisha vijana wake, nao wakawafundisha wengine.

Halafu mwaka 1993 serikali ililegeza masharti ya uagizaji, na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Yalikuja na EFI, yaani mafuta yananyunyizwa na injekta zinazoongozwa na kompyuta badala ya kabureta. Mnakumbuka maonyo ya siku zile? Watu waliambiana, usinunue EFI, ikikufia hakuna wa kuifufua. Na wakati ule walikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mafundi wengi wa mitaani hawakuwa wameizoea.

Leo Probox ni EFI. Ilizinduliwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya kazi za ofisi na maduka, na injini yake ya lita 1.5, ile iitwayo 1NZ-FE, ina kompyuta, sensa na vali zinazobadilisha muda wake zenyewe. Mwaka 1993 tungesema gari hilo ni la ajabu. Sasa kijana wa gereji wa miaka ishirini na miwili anaifungua injini hiyo huku akisikiliza redio. Injini imebaki ile ile, ila ujuzi wake umefika kwetu.

Hapo ndipo ushauri wangu wote umesimama. Gari rahisi ni lile ambalo maarifa yake yameshafika mtaani kwako na spea zake zimeshajaa madukani. Gari gumu ni lile ambalo maarifa yake bado yako Nairobi, au bado yako Japani.

Mtazame fundi akitafuta ugonjwa

Siku moja nenda gereji usimame karibu, usikae kwenye benchi ukichezea simu. Tuseme Probox inatetemeka, haina nguvu kupanda mlima. Injini ya petroli inataka mafuta, hewa, na cheche kwa wakati wake. Fundi anaanza na cheche. Juu ya injini kuna koili nne, kila silinda na yake, kila moja imefungwa kwa bolti moja. Anawasha injini, anachomoa soketi ya koili ya kwanza. Mtetemo ukizidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi, anairudisha. Anachomoa ya pili, injini haibadiliki hata kidogo. Amempata mgonjwa. Sasa anazima, anaitoa koili hiyo na kuihamishia silinda ya kwanza, na ya kwanza anaileta huku. Anawasha tena. Ugonjwa ukihama na koili, koili imekufa. Ukibaki pale pale, anatoa plagi aiangalie, kisha anaenda kwenye injekta. Amekaa hapo dakika chache, kwa spana moja, na hujanunua kitu ambacho hakikuhitajika.

Na koili hiyo ataipata wapi? Injini ile ile imo ndani ya Vitz, Fielder, Raum, Ractis, Sienta na Premio za lita 1.5. Kwa hiyo mwenye duka la spea Kitale au Bungoma haogopi kuiweka rafuni, anajua itanunuliwa kabla ya mwezi kwisha. Nayo haitumii mkanda wa taiming unaohitaji kubadilishwa kila baada ya kilomita fulani, inatumia mnyororo. Ukiitunza oili, mnyororo huo hukaa muda mrefu sana.

Sasa chukua lile gari jipya. Lina kompyuta nyingi zinazozungumza kwa waya: ya injini, ya gia, ya breki, ya usukani, ya milango. Kifaa kimoja kikibadilishwa, mara nyingine lazima kitambulishwe kwa kompyuta ndipo gari likubali. Fundi asiye na mashine inayofaa analazimika kubahatisha. Ananunua sensa moja, taa ya injini inazima siku mbili, inarudi. Ananunua nyingine. Pesa ni zako, na anajifunza kwa gari lako.

Hata akiwa na kimashine cha kusoma makosa, bado hajamaliza kazi. Namba inayotokea inamwonyesha pa kuanzia kutafuta, haimwambii ni kipi kimekufa. Inaweza kusema sensa ya oksijeni, kumbe ni waya uliotafunwa na panya. Nyinyi mnaoegesha gari kando ya ghala la mahindi Trans Nzoia mnajua panya wetu hawachagui. Fundi anayeielewa saketi ataufuata waya hadi mwisho kabla ya kukutuma dukani.

Giaboksi ndiyo inayowaliza wengi zaidi. Magari mengi madogo ya siku hizi yana CVT. Badala ya gia zenye meno, kuna mkanda wa chuma unaobana na kuachia kati ya puli mbili. Ni kitu kizuri, hupunguza mafuta, na gari huenda bila kushtuka. Lakini kinataka oili yake maalumu. Ukikiwekea oili ya otomatiki ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani, unakiua polepole, na kikifa mara nyingi hubadilishwa chote. Gia za mkono za Probox zikichoka, mara nyingi ni klachi, na klachi inashushwa na kufungwa hapa hapa.

Barabara zetu na mafuta yetu

Kuna watu watakuambia haya ni maneno ya watu wa zamani, kwamba dunia imesonga mbele. Dunia imesonga, nakubali. Lakini gari linaishi barabarani, na barabara yako unaijua. Mvua ikinyesha Kapsokwony au ndani ndani ya Chwele, lami imekuacha, uko kwenye matope mekundu, kifua cha gari kinakwaruza. Betri ikifa sokoni Kamukuywa jioni, gari la gia za mkono unaomba vijana wanne walisukume, unaweka gia ya pili, unaachia klachi, linawaka, unawapa ya soda, unaenda. La otomatiki halikubali kusukumwa. Linasubiri betri nyingine au lori la kuvuta.

Mafuta nayo yana historia yake. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli na petroli. Ulaghai wa namna hiyo kila injini huulipia, lakini hazilipi sawa. Injini za petroli zinazonyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, kama zile ambazo Wakenya wamezoea kuziita D4, huumia haraka. Ndiyo maana ukitaka kuuza gari la D4 mnunuzi anakunja uso kabla hata hajalizunguka.

Upande wa dizeli ni vivyo hivyo. Tangu 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimetumia dizeli yenye salfa kidogo, na hiyo ilizisaidia sana injini mpya. Hata hivyo, tazama magari ya kazi yanayotoka Kitale kuelekea Kapenguria na Lodwar. Mengi ni Land Cruiser za namba sabini, muundo uliotoka mwaka 1984. Injini yake ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, bila tabo, imekuwepo tangu 1990, na pampu yake ya dizeli ni ya chuma na springi. Wanaozinunua si watu wasio na pesa. Wananunua uhakika wa kurudi nyumbani.

Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa jambo hili. Trekta la Massey Ferguson 135 lilianza kuundwa 1964, lina injini ya Perkins ya silinda tatu, na wakulima bado hulithamini kwa sababu ukilielewa moja umeyaelewa yote. Huko Marekani, wakulima wenye matrekta mapya ya mamilioni wamepambana miaka mingi wapewe ruhusa na programu za kuyatengeneza wenyewe. Januari 2025 tume ya serikali inayosimamia biashara huko iliishtaki kampuni ya John Deere mahakamani kwa jambo hilo hilo. Ukiona tajiri wa Iowa analilia haki ya kufungua trekta lake mwenyewe, usione aibu wewe kutaka gari ambalo fundi wako anaweza kulifungua.

Kwa nini bei haishuki

Mtaniuliza, kama ni za zamani, mbona Probox nzuri bado ni ghali? Sheria yetu hairuhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8. Kwa mfano, mwaka 2025 lililosajiliwa mara ya kwanza kabla ya 2018 halikuruhusiwa. Kila mwaka mstari huo unasogea, na kila mwaka yanayoshuka Mombasa yana kompyuta nyingi kuliko ya mwaka uliopita. Yale rahisi tuliyo nayo ndiyo hayo hayo, yanazeeka na kugombaniwa. Lililotunzwa vizuri lina bei, na unapoliuza nawe utaipata.

Hapo pia muwe macho na namba. Watu wanasema "hii ni KDA, ni mpya." Namba inaonyesha gari lilisajiliwa lini Kenya. Gari lililoandikishwa hapa mwaka 2021 linaweza kuwa liliundwa 2014. Tazama mwaka wa kuundwa kwenye logbuku, usidanganywe na herufi.

Kabla ya kulipa

Sasa, mwalimu wangu, shika kalamu. Probox nyingi za kwetu zimekuwa matatu. Zimebeba watu mara mbili ya viti vyake, na juu yao kabichi. Gari la namna hiyo linaweza kuoshwa, kupakwa rangi na kuvalishwa vitambaa vipya vya viti, na bado mgongo umevunjika. Basi fanya hivi.

Nenda asubuhi, na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, iwe baridi. Injini iliyopashwa moto mapema huficha mengi. Likiwaka, simama nyuma utazame moshi. Wa buluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta yamezidi. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, tena wenye harufu tamu, ni maji ya rediata yanaingia ndani, na hapo gaskiti ya kichwa imekwenda.

Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa, jihadhari. Fungua rediata, maji yawe safi au ya rangi ya kulenti, yasiwe ya kutu wala yenye mafuta juu.

Kisha nenda nyuma. Inua zulia la buti, angalia kama kuna mahali palipochomewa. Tazama springi za nyuma kama zimeongezwa au kuwekewa vipande vya mpira. Hiyo ni alama ya gari la mizigo mizito. Kagua milango ya nyuma, bawaba zake hueleza ni watu wangapi wameifungua na kuifunga kwa siku.

Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye bodi na ya logbuku, tarakimu kwa tarakimu. Tafuta rekodi ya gari kupitia eCitizen uone mmiliki ni nani na kama kuna benki inalidai. Usilipe mtu ambaye jina lake haliko hapo kwa sababu tu amekuambia ni la shemeji yake.

Na uende na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na broka ni wa broka.

Msinielewe vibaya kuhusu usalama

Hapa nataka mnisikilize kuliko mahali pengine popote. Magari mapya yanaokoa watu. Breki za ABS, mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, mitambo inayolizuia gari kuteleza, vyote hivyo vipo kwa sababu watu walikufa bila kuwa navyo. Ukimwona mtu na Peugeot 504 au Corolla DX iliyong'arishwa, mpongeze, lakini ujue mbele ya lori gari hilo halina cha kumkinga zaidi ya bati na mshipi wa kiti. Kama kila siku unapita barabara kuu ya Webuye kwenda Malaba, katikati ya malori, na watoto nyuma, basi uzito wa jambo hili ni mkubwa, na gari lenye vifaa hivyo linaweza kustahili gharama yake.

Ukichagua gari rahisi, fidia kwa mambo ambayo uko nayo mikononi. Pesa za kwanza ziende kwenye matairi, breki na mishipi, kabla ya redio na kabla ya rimu. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini umri mkubwa linapasuka. Ukifungua swichi bila kuwasha, taa za ABS na za mifuko ya hewa kama gari linavyo ziwake kidogo, kisha zizime. Mojawapo isipowaka kabisa, pengine kuna mtu ameichomoa ili usijue mtambo umekufa. Mshipi wa kila kiti, hata wa nyuma katikati, uvute kwa nguvu uone unashika. Tangu kanuni za aliyekuwa Waziri John Michuki zianze kutekelezwa Februari 2004, tumezoea kuufunga mshipi tukiona polisi. Fungeni hata njia ikiwa tupu.

Na usiibebeshe Probox watu kumi kwa sababu umeona wengine wakifanya hivyo. Breki zake zilitengenezwa kwa mzigo unaojulikana.

Adabu ya gereji

Wadogo zangu wa kike, najua mnavyojisikia mkisimama mbele ya wanaume watano wenye oili mikononi. Kutokujua spana si aibu, na hakumpi mtu ruhusa ya kukuibia. Muulize fundi akueleze ugonjwa kwa maneno ya kawaida. Anayejua ataeleza. Anayekasirika kwa sababu umeuliza, ondoa gari lako.

Elewaneni gharama ya kazi kabla hajagusa bolti. Spea kanunue mwenyewe ukiweza, au uende naye. Kifaa kilichotolewa udai urudishiwe, hata kama ni chuma chakavu, ili ujue kweli kimebadilishwa. Akikuambia masega ya bomba la moshi yamekufa na yatolewe, uliza maswali mawili matatu zaidi, maana ndani yake kuna madini ya thamani na wapo wanaoyatoa yakiwa mazima ili wayauze.

Weka daftari ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa, oili gani. Kwa matumizi yetu ya vumbi na milima, badilisha oili kila kilomita 5,000 na usibishane na daftari. Safisha kichungi cha hewa, na kikichoka nunua kipya. Kila mwezi, siku ya mshahara, weka pembeni kiasi kidogo cha gari kabla hujagawa nyingine. Gari rahisi lisilotunzwa litakuaibisha haraka kuliko gari gumu lililotunzwa.

Kuna pia suala la bima. Ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Ile kubwa, kampuni nyingi husita kuitoa kwa gari lililozeeka sana, kwa hiyo ulizia kabla ya kununua, usingoje ajali ikufundishe.

Nani anunue lile jipya?

Wapo, na siwazuii. Kama una fundi uliyethibitisha kwamba ana mashine ya gari hilo na amelitibu lingine kama lako, endelea. Kama unaweza kwenda Eldoret au Nairobi kila linapohitaji huduma, na baada ya kulinunua bado umebakiwa na akiba ya kubadilisha giaboksi, endelea. Kama safari zako ni za lami na za kila siku, mafuta utakayookoa yanaweza kukulipa. Hata la betri na petroli kwa pamoja siku moja litakuwa gari letu la kawaida, kama EFI ilivyokuwa. Vijana wetu wanaosomea ufundi wakipata mashine na mafunzo, siku hiyo itakuja haraka, na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaandikia kwamba imefika.

Lakini mkopo wa mwalimu usiwe ada ya kumsomesha fundi. Ukimaliza pesa yote kwenye bei ya kununua na huna hata ya sensa moja, hilo gari halijawa lako bado. Umelikodi kutoka kwa bahati.

Kwa hiyo, mwalimu wa Kiminini, jibu langu ni hili. Tafuta Probox au Fielder ya injini ile ile, iliyokuwa ya mtu binafsi, ya gia za mkono ukizipata, yenye logbuku safi na mgongo mzima. Ikiwa hiyo ya broka inapita majaribio niliyoyataja, ichukue na pesa zitakazobaki weka kwenye matairi na breki. Ikishindwa hata moja kubwa, iache, zipo nyingine kati ya Kitale na Bungoma. Kuhusu wenzako wanaocheka, wao hawatakuwa nawe siku ya kulipa fundi.

Nanyi wengine mnaosoma, kabla hamjatia sahihi fomu ya mkopo, nendeni kwa mafundi watatu wa mji wenu mkiwa na jina la gari mnalolitaka. Waulizeni wamelifungua mara ngapi na spea zake wananunua wapi. Wote watatu wakijibu bila kusita, nunueni. Wakianza kutazamana, zishikeni pesa zenu.